Sékou Touré: chama kilichoingia hadi jikoni

Tarehe 27 Agosti 1977, katika Soko la M'Balia mjini Conakry, mji mkuu wa Guinea, askari wa polisi wa uchumi alimsimamisha mama mmoja akataka kupekua mzigo wake. Lilikuwa jambo la kila siku. Biashara binafsi ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1975, na mtu aliyebeba mchele wake bila kibali aliweza kunyang'anywa wote, kisha akadaiwa hongo ili asiwekwe ndani. Siku hiyo wanawake waliokuwa karibu hawakunyamaza. Walimshukia yule askari kwa kipigo, wakatoka sokoni kwa maandamano hadi ikulu, na vituo vya polisi wa uchumi jijini vikavamiwa kimoja baada ya kingine.

Soko hilo lina jina la M'Balia Camara. Alikuwa mwanamke wa Tondon, mwanachama shupavu wa PDG, Chama cha Kidemokrasia cha Guinea, aliyepasuliwa tumbo kwa upanga na chifu wa eneo lake Februari 1955 katika ugomvi wa kodi. Alikuwa mjamzito. Alifariki siku chache baadaye, na chama kikamweka katika orodha ya mashujaa wake. Miaka 22 ikapita, na wanawake wa soko lenye jina lake wakaandamana dhidi ya chama hicho hicho.

Anayetaka kumwelewa Ahmed Sékou Touré, kiongozi wa chama hicho na rais wa kwanza wa Guinea, aanzie hapo. Huku kwetu Afrika Mashariki tumezoea kumkumbuka kwa siku moja, ile ya Septemba 1958 Guinea ilipomwambia Jenerali de Gaulle wa Ufaransa "Hapana", halafu tunafunga kitabu. Kosa hilo linatufanya tuamini kwamba kulikuwa na Touré wawili: mkombozi mwanzoni, dikteta mwishoni, na mahali fulani katikati moyo wake ukageuka. Sioni hivyo. Chombo alichotumia kushinda mwaka 1958 na chombo alichotumia kutawala kwa hofu ni kimoja: kamati ya chama ya kijiji na mtaa, yenye uwezo wa kujua kila nyumba ina watu wangapi na jikoni kuna nini. Kilichobadilika ni mwelekeo wake. Kwanza kilibeba sauti ya chini kuipeleka juu. Baadaye kikabeba amri ya juu kuishusha chini.

Touré alizaliwa Faranah mwaka 1922. Alikuwa karani wa posta, na 1945 akaanzisha chama cha wafanyakazi wa posta na simu. Umaarufu wake haukutokana na shule kubwa, maana hakuwa msomi wa Paris kama Senghor wa Senegal, wala daktari na mwenye mashamba kama Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire. Ulitokana na mgomo.

Mgomo wenyewe ulikuwa na hesabu nyepesi ambayo mfanyakazi yeyote aliielewa. Sheria ya kazi ya makoloni ya Ufaransa iliyopitishwa Desemba 1952 ilishusha wiki ya kazi kutoka saa 48 hadi saa 40. Ili mtu asipungukiwe mshahara, malipo ya saa moja yalipaswa kupanda kwa asilimia 20. Waajiri walikubali saa 40 na kukataa asilimia 20, yaani mfanyakazi apumzike zaidi na ale kidogo. Septemba 1953 wafanyakazi wa Guinea wakaacha kazi, na hawakurudi hadi mwishoni mwa Novemba.

Miezi miwili bila mshahara: familia zilikula nini? Swali hili ndilo lenye jibu la siasa zote zilizofuata. Mchele ulitoka vijijini, ukaingia mjini kwa mikono ya wanawake wachuuzi, ukagawiwa mtaa kwa mtaa. Mafory Bangoura, mshona nguo wa Conakry, ndiye aliyeibuka kuwa kiongozi wa wanawake hao. Ndani ya chama wakapata kamati zao wenyewe, na nyimbo zao zikabeba habari hadi kwa watu wasiojua kusoma gazeti. Mgomo ulishinda kwa sababu kulikuwa na mtandao wa chakula. Touré aliona hilo waziwazi, na kwa maoni yangu hakulisahau maisha yake yote: anayeshika mchele ameshika mji.

Chama kilikuwa PDG, tawi la Guinea la RDA, umoja wa vyama vya makoloni ya Ufaransa barani Afrika ulioundwa Bamako mwaka 1946. Touré akawa katibu mkuu wake 1952. Januari 1956 aliingia bunge la Ufaransa. Machi 1957, katika uchaguzi wa baraza la koloni, PDG ilichukua viti 56 kati ya 60, naye akawa makamu wa rais wa baraza la serikali chini ya gavana Mfaransa. Hapo akafanya jambo ambalo wachambuzi wengi hulipitia haraka, nami ninalihesabu kuwa hatua nzito kuliko zote za maisha yake ya siasa. Tarehe 31 Desemba 1957 serikali yake ilifuta uchifu. Machifu wale waliokusanya kodi, walioita watu kazi za shuruti, waliopiga na kufunga kwa niaba ya mkoloni, wakaondolewa. Mwananchi alishangilia, na alikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kijijini hapakubaki mamlaka yoyote isipokuwa kamati ya chama.

Matokeo yake yalionekana miezi tisa baadaye. De Gaulle aliyataka makoloni yapige kura kukubali au kukataa kuwa ndani ya jumuiya mpya ya Kifaransa. Alipofika Conakry tarehe 25 Agosti 1958, Touré alimwambia mbele ya umati kwamba Guinea inachagua umaskini katika uhuru kuliko utajiri katika utumwa. Watu hudhani neno "Hapana" lilikwisha kuamuliwa siku ile. Halikuwa limeamuliwa. Wanafunzi, walimu, vyama vya wafanyakazi na kamati za wanawake ndio waliosukuma, na uamuzi rasmi wa chama ulitoka katika mkutano wa tarehe 14 Septemba, wiki mbili tu kabla ya kura. Tarehe 28 Septemba kura 1,136,324 zilisema hapana dhidi ya 56,981 za ndiyo.

Mtu akitaka kujua kamati zile zilikuwa na thamani gani, atazame Niger. Kule Djibo Bakary, kiongozi wa serikali kama alivyokuwa Touré, naye aliwaomba watu wake wapige kura ya hapana. Akashindwa vibaya. Niger machifu walikuwepo bado, utawala wa Kifaransa uliwatumia, na chama cha Bakary hakikuwa na mizizi vijijini. Msimamo ulikuwa mmoja, mashine zikawa mbili tofauti. Hotuba ya Agosti 25 peke yake isingeipa Guinea uhuru.

Uhuru ulitangazwa tarehe 2 Oktoba 1958, na Ufaransa ikaondoka kwa hasira. Maofisa waliitwa nyumbani ndani ya wiki chache, misaada ikakatwa, vifaa na majalada vikabebwa au kuharibiwa. Nkrumah wa Ghana aliahidi mkopo wa pauni milioni 10. Mwezi Machi 1960 Guinea ikatoa faranga yake na kutoka katika ukanda wa faranga ya Ufaransa, na majasusi wa Ufaransa wakaingiza noti za bandia ili kuivuruga. Jambo hilo walikuja kulikiri wahusika wenyewe. Kwa hiyo Touré aliposema nchi yake inahujumiwa hakuwa anaota. Adui alikuwepo, na kuwepo kwake ndiko kulikomfanya asiweze tena kupingwa na mtu wa nyumbani aliyekuwa na malalamiko ya haki.

Walimu waligundua hivyo mapema. Mwishoni mwa 1961 chama chao kilitoa madai ya mishahara, tena madai ya aina ile ile ambayo Touré mwenyewe aliyapigania 1953. Jibu likawa "njama". Viongozi wao walifungwa, na balozi wa Urusi, Daniel Solod, akafukuzwa nchini kwa kuhusishwa. Karani wa posta aliyepanda kwa mgomo alikuwa amepiga mgomo marufuku kwa vitendo.

Kisa cha 1965 kinafundisha zaidi, maana kinahusu karatasi tu. Katiba ya Guinea haikukataza chama cha pili. Mfanyabiashara Mamadou Touré, aliyeitwa Petit Touré, aliichukua katiba kama ilivyoandikwa, akaandaa hati za chama kipya na kuzipeleka kwa wahusika ziandikishwe. Hakushika silaha, wala hakujificha. Alikamatwa Oktoba 1965, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekufa gerezani kwa kunyimwa chakula na maji. Adhabu hiyo ilipewa jina la "mlo mweusi". Hakuna risasi, hakuna kamba: mlango unafungwa na haufunguliwi hadi mtu afe.

Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 8 Novemba 1964, ilitoka sheria kuu iliyobana biashara na kuwazuia wafanyabiashara kushika uongozi katika chama. Kisha, kuanzia 1967, kamati za vijiji na mitaa zikapewa jina jipya na kazi mpya: PRL, yaani mamlaka ya mapinduzi ya mahali. Msomaji wa Tanzania atafikiria mara moja balozi wa nyumba kumi, na hatakosea sana, lakini aongeze yafuatayo. PRL ndiyo iliyopokea mgawo wa mchele, sukari na mafuta, na ndiyo iliyoandika nani apate. PRL ndiyo iliyokusanya mavuno ya lazima kutoka kwa mkulima. Ndiyo iliyoitisha mikutano, na asiyehudhuria alijulikana. Kiongozi wake aliweza kupeleka jina la jirani kwa wakubwa wa usalama. Kitu kimoja kilikuwa duka, ofisi ya kodi, baraza na sikio la serikali.

Tazama jinsi kitu hicho kilivyokuwa kikikwama. Mkulima alipangiwa kiasi cha kutoa kwa mwaka, kwa bei ya serikali iliyokuwa chini mno kuliko ya soko. Mvua ikikatika, kiasi hakishuki. Wapo waliolazimika kununua mchele wa magendo kwa bei ya kuruka ili wautoe serikalini kwa bei ya bure na wasiandikwe majina. Mwenye akili akapunguza shamba lake libaki la kulisha watoto wake tu. Mwenye kahawa aliivusha usiku kwenda Côte d'Ivoire, Liberia au Sierra Leone, alikolipwa fedha inayonunua kitu. Fedha ya nyumbani, kuanzia 1972, ilikuwa syli, neno la Kisusu lenye maana ya tembo, nembo ya chama na lakabu ya rais mwenyewe. Thamani yake rasmi ilibandikwa benki, ila mitaani dola moja ilikuja kununua zaidi ya mara 10 ya kiwango hicho. Basi mchele unaofika mjini kwa njia halali unapungua, mgawo unapungua, foleni inarefuka, na serikali, badala ya kupandisha bei ya mkulima, inaongeza vizuizi barabarani na askari wa kuvisimamia. Askari naye halishwi na mshahara wake. Analishwa na kizuizi.

Februari 1975 biashara binafsi ikafutwa kabisa. Na sisi huku tulionja kidogo: Operesheni Maduka ya 1976 Tanzania ilifunga maduka ya watu binafsi kabla maduka ya ujamaa hayajawa tayari, ikasitishwa baada ya bidhaa kuadimika. Tofauti ni kwamba Tanzania iliweza kusitisha. Guinea kulisema tu jambo hilo kuliweza kumpeleka mtu Camp Boiro, gereza la kisiasa la Conakry.

Lipo jambo jingine linaloniudhi kila ninapolisoma. Wakati mama wa Conakry anakatazwa kuuza bakuli za mchele kwa jina la ujamaa, makampuni makubwa ya kigeni yalikuwa yakichimba boksiti, madini ya kutengenezea alumini, bila wasiwasi. Kiwanda cha alumina cha Fria, kilichoanza kazi 1960 kwa mtaji wa Kifaransa na Kimarekani, kiliendelea kuzalisha hata katika miaka ya ugomvi mkali na Paris. Mkataba wa migodi ya eneo la Boké ulitiwa saini 1963: serikali asilimia 49, makampuni ya nje asilimia 51. Reli ya kutoka Sangarédi hadi bandari ya Kamsar ikajengwa, na mwaka 1973 meli zikaanza kubeba mzigo. Hapo ndipo serikali ilipopata fedha za kigeni za kuishi. Na kwa kuwa fedha ilitoka ardhini kupitia migodi, reli na bandari chache tu, Touré hakumhitaji mkulima wala mchuuzi ili hazina ipate kitu. Aliweza kuwaumiza kwa miaka mingi kabla maumivu hayo hayajamfikia yeye. Sidhani utawala ule ungedumu miaka 26 bila boksiti.

Kuhusu Camp Boiro lazima tuanze na ukweli mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba 1970 Conakry ilivamiwa kweli. Ureno, iliyokuwa ikipigana na PAIGC, chama cha ukombozi cha Amílcar Cabral, huko Guinea-Bissau, ilileta kwa bahari askari wake pamoja na Waguinea waliokuwa uhamishoni. Waliwatoa wafungwa wao wa vita, wakaharibu mashua, wakamtafuta Cabral na Touré bila kuwapata. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliilaani Ureno. Touré alikuwa na kila haki ya kuwasaka wavamizi.

Alichofanya ni kuifungulia mashine yote. Mtu alikamatwa usiku. Alikaa siku kadhaa bila chakula. Akapelekwa katika chumba cha mateso kilichoitwa, kwa lugha ya kiofisi, "kibanda cha ufundi". Akaandikishwa maungamo yenye majina ya wengine, akayasoma kwenye kinasa sauti, redio ikayarusha na gazeti la chama, Horoya, likayachapa. Majina yale mapya yakakamatwa. Kisha kamati za nchi nzima zikaombwa zipendekeze hukumu, na Bunge likakaa Januari 1971 kama mahakama, mbele yake hakuna mshtakiwa wala wakili. Usiku wa kuamkia Januari 25 watu wanne walinyongwa darajani mjini Conakry, miili ikaachwa ining'inie watu waione. Mmoja wao alikuwa Baldé Ousmane, aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu. Mwingine alikuwa Barry Ibrahima, anayejulikana kama Barry III, mpinzani wa zamani aliyevunja chama chake na kujiunga na PDG kwa ajili ya umoja.

Hapa ndipo kamati ya msingi ilipofikia mwisho wa safari yake. Mwaka 1953 ilikusanya mchele kwa ajili ya wagomaji. Mwaka 1958 ilikusanya kura. Mwaka 1971 ilikusanya saini za kifo za watu ambao wanachama wake hawakuwahi kusikia ushahidi wao. Nani angenyoosha mkono kukataa, huku anayeandika mahudhurio ndiye anayeandika mgawo?

Kambi ile haikubagua waliokuwa waaminifu. Fodéba Keïta, mwanzilishi wa kikundi cha ngoma cha Ballets Africains na waziri mwenye mkono katika kuijenga, aliuawa kama mfungwa wake 1969. Diallo Telli ni jina ambalo Afrika Mashariki ingepaswa kulijua zaidi. Alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, 1964 hadi 1972, miaka ambayo Kamati ya Ukombozi ya umoja huo ilikuwa inaendesha kazi zake kutoka Dar es Salaam. Alipomaliza utumishi huo alirudi nyumbani, akapewa uwaziri wa sheria. Julai 1976 alikamatwa kwa madai ya njama za Wafulani, na mwanzoni mwa 1977 akafa Boiro kwa mlo mweusi. Mtu aliyezungumza kwa niaba ya bara zima alikufa kwa kiu, chumbani, katika mji mkuu wa nchi yake.

Wanaume walikuwa wamekwisha kunyamazishwa au kukimbia. Inakadiriwa kwamba watu wasiopungua milioni moja waliishi nje. Ndiyo maana Agosti 1977 waliotoka walikuwa wanawake. Mashine ilikuwa imejipanga kupambana na waziri, mwanajeshi, mwalimu na msomi, kwa sababu hao unaweza kuwapa jina la njama na kuwatengenezea maungamo. Mama elfu moja wenye vikapu hauwezi kuwaandikia maungamo ya kuajiriwa na Ureno. Tena walikuwa na madai mepesi kama yale ya 1953: chakula.

Touré aliwapokea siku ya kwanza na kukubali kufuta polisi wa uchumi. Siku iliyofuata aliitisha mkutano katika Ikulu ya Watu, jumba la mikutano la Conakry, akitegemea zile shangwe alizozoea. Wanawake walimzomea. Ilibidi aondoke ukumbini, na jeshi likawafyatulia risasi waandamanaji. Ghasia zikaenea mikoani. Ila sera ilianguka. Biashara ndogo ikarudishwa hatua kwa hatua, Machi 1978 akapatana na Senegal na Côte d'Ivoire huko Monrovia, na Desemba mwaka huo rais wa Ufaransa, Giscard d'Estaing, akapokewa Conakry kwa heshima zote. Hiyo tarehe 27 Agosti ikatiwa katika kalenda kuwa siku ya wanawake wa Guinea, na waliouawa wakabaki bila kutajwa.

Touré alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 26 Machi 1984 huko Cleveland, Marekani, alikopelekwa kufanyiwa upasuaji. Wiki moja baadaye, Aprili 3, jeshi likachukua nchi chini ya Lansana Conté, na chama kile kilichofika kila jiko kikavunjwa kwa tangazo la redio. Hakuna kijiji kilichosimama kukitetea. Milango ya Boiro ilifunguliwa.

Desemba 2021 serikali ya kijeshi ya Mamadi Doumbouya iliupa uwanja wa ndege wa Conakry jina la Ahmed Sékou Touré. Familia za waliofia Boiro zilipinga. Nyingi kati yao hazijaonyeshwa hadi leo ndugu zao walizikwa wapi.